Mkutano Usio na Mwenyewe



Niliombwa nizungumzie taasisi inayolea fasihi. Ningeweza kuchagua chuo kikuu, shirika la uchapishaji au baraza la lugha. Nimechagua mkutano wa mashabiki. Jina lake kamili ni Mkutano wa Dunia wa Hadithi za Kisayansi, lakini wenyewe huuita Worldcon. Ulianza New York mwaka 1939. Ukiondoa miaka minne ya Vita vya Pili vya Dunia, 1942 hadi 1945, haujaruka mwaka hata mmoja. Hata mwaka 2020, dunia ilipojifungia kwa korona, wenyeji wa Wellington, New Zealand, waliufanya mtandaoni. Katika miaka yote hiyo haukuwahi kuwa na makao makuu, wala mkurugenzi, wala mtumishi wa kudumu anayesubiri mshahara mwisho wa mwezi. Kila mwaka unaandaliwa na watu wa mji mwingine, karibu wote wa kujitolea, na ukiisha kamati yao inafunga hesabu na kuvunjwa.

Wengi huuona huo kuwa udhaifu. Mimi naamini ndio uliouweka hai, na nitajaribu kuwaonyesha hivyo bila kuficha kwamba hata madonda yake makubwa yametoka hapohapo.

Chanzo chake ni ukurasa wa barua. Mwezi Aprili 1926, Hugo Gernsback, mhamiaji kutoka Luxembourg aliyekuwa akifanya biashara ya redio na majarida huko New York, alitoa toleo la kwanza la Amazing Stories, jarida lililojaa hadithi za kisayansi peke yake. Wasomaji walimwandikia, naye akazichapa barua zao pamoja na anwani zao kamili. Kijana wa Los Angeles aliyedhani ni yeye tu duniani anayekesha kwa mambo haya akagundua kuwa Chicago yuko mwenzake, na Brooklyn yuko mwingine. Wakaanza kuandikiana bila kupitia kwa mhariri. Sina hakika kama Gernsback alijua alichokifanya kwa kuziacha anwani zile, ila najua kwamba bila hizo tusingekuwa na jambo la kuzungumza leo.

Kutoka kwenye barua zikazaliwa klabu, na klabu zikaanza kutoa majarida yao. Ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, na vijana hawa hawakuwa na fedha za kiwanda cha chapa. Walipiga taipureta juu ya karatasi ya stensili, wakaifunga kwenye mashine ya kurudufia, wakazungusha mkono mpaka nakala zikatimia, wakakunja, wakabandika stempu, wakapeleka posta. Wazee mliofanya mitihani iliyochapwa kwa mashine zile mnakumbuka jinsi wino ulivyoganda vidoleni. Humo ndani walisifiana, wakatukanana, wakabishana juu ya siasa na juu ya roketi, na baadhi yao wakajifunza kazi ya uandishi. Oktoba 1936 kikundi cha New York kilipanda treni kwenda kuonana na wenzao wa Philadelphia. Januari 1937 Waingereza wakakutana Leeds. Baada ya hapo hamu ya kukutana wengi zaidi haikuweza kuzuilika.

Tarehe 2 Julai 1939 watu wapatao 200 waliingia Caravan Hall, ukumbi mmoja wa Manhattan. Jiji lilikuwa na Maonyesho ya Dunia yenye kaulimbiu ya ulimwengu wa kesho, ndiyo maana na wao wakauita mkutano wao wa dunia, ingawa karibu wote walikuwa Wamarekani. Mgeni rasmi alikuwa Frank R. Paul, mchoraji wa majalada ya Gernsback. Napenda sana kwamba heshima ya kwanza ilikwenda kwa mtu wa brashi. Ray Bradbury, kijana wa miaka 18 asiyejulikana, alifika kwa basi kutoka Los Angeles kwa fedha za kukopa, amebeba michoro ya rafiki yake Hannes Bok ili awaonyeshe wahariri wa New York. Bok akapata kazi. Mwaka 1953, tuzo za mkutano huu zilipotolewa kwa mara ya kwanza, Bok alikuwa miongoni mwa washindi. Myrtle Douglas, ambaye mashabiki walimwita Morojo, alishona mavazi ya wakati ujao, yeye na shabiki mwenzake Forrest Ackerman wakayavaa wakatembea nayo mchana kweupe. Vijana wanaojivika kama wahusika wa katuni na filamu leo wanafuata nyayo za fundi yule.

Lakini siku hiyohiyo palitokea jambo la aibu mlangoni. Mwenyekiti, Sam Moskowitz, alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 19. Yeye na wenzake waliogopa kwamba kundi la vijana wa mrengo wa kushoto lililoitwa Futurians lingekuja kugawa vipeperushi na kuuteka mkutano. Wakawazuia sita wasiingie: Donald Wollheim, Frederik Pohl, Cyril Kornbluth, Robert Lowndes, John Michel na Jack Gillespie. Isaac Asimov, aliyekuwa wa kundi hilohilo, alipita. Tafakarini: mkutano haujamaliza saa zake za kwanza, tayari mashabiki wamewafukuza mashabiki.

Sasa angalieni waliofukuzwa waliishia wapi. Wollheim alikuja kuwa mchapishaji mkubwa, mwanzilishi wa DAW Books mwaka 1971. Pohl alihariri majarida, akaandika riwaya, akashinda tuzo za mkutano uleule uliomfungia mlango. Na mwaka 2010, akiwa na miaka 90, mkutano uliofanyika Melbourne ulimpa tuzo ya mwandishi bora shabiki. Yaani baada ya maisha yote ya kulipwa kwa kalamu, walimtuza kwa kile alichokiandika bure, kwa mapenzi tu, miaka 71 tangu alipogeuzwa mlangoni. Mkutano wenye mwenyewe ungeweza kumwekea kinyongo hadi kaburini. Huu haukuweza, kwa sababu wanaosimama mlangoni mwaka huu si watakaosimama mwaka ujao.

Niwaeleze namna unavyoendeshwa, maana hapa ndipo penye utamu wenyewe. Kimsingi Worldcon haiuzi tiketi. Unajiandikisha kuwa mwanachama wa Chama cha Dunia cha Hadithi za Kisayansi kwa mwaka huo, na ukiongeza ada ya kuhudhuria unaingia ukumbini. Mwandishi anayepanda jukwaani kuzungumza amelipa. Anayeshika mlango amelipa. Mwenyekiti wa kamati amelipa. Mnaoishi hapa mnajua kamati ya harusi: watu wana kazi zao, wanakutana jioni, kuna mweka hazina, kuna wa ukumbi, kuna wa chakula, kila mmoja ameanza kwa kutoa mchango wake mwenyewe, na shughuli ikipita kamati inavunjwa. Worldcon inaendeshwa hivyo, tofauti ni kwamba wageni ni maelfu na kamati huanza miaka kadhaa kabla. Fedha zikibaki, desturi ni kuwagawia wenyeji wa miaka inayofuata. Zikipungua, msiba ni wa wote: mkutano wa Baltimore wa 1983 ulimalizika na madeni mazito, na mashabiki wa kwingine, ambao hawakuwa na wajibu wowote wa kisheria, wakachanga.

Uanachama unakupa kura, nayo inatumika katika mambo ambayo kwingine huamuliwa ofisini. Wanachama ndio wanaochagua mji utakaokuwa mwenyeji miaka miwili mbele. Miji hushindana kwa kampeni, na usiku vyumba vya hoteli hufunguliwa, kila mji unaalika watu kwa vitafunwa vya kwao na ahadi zao. Kampeni ninayoipenda kuliko zote ni ya South Gate, mji mdogo jirani na Los Angeles. Mwaka 1948 shabiki mmoja wa huko, Rick Sneary, alianza kupiga mbiu kwamba mkutano wa 1958 uwe kwao. Miaka kumi mbele! Wenzake walilirudia neno hilo mwaka hadi mwaka. Ulipofika wakati, mkutano ulifanyika katika hoteli iliyokuwa Los Angeles, lakini kwa tangazo la meya mahali pale pakahesabiwa kwa siku zile kuwa South Gate. Ahadi ikatimia kama ilivyotolewa. Sijui shirika gani la kibiashara lingejisumbua hivyo.

Katiba nayo hubadilishwa na wanachama. Yeyote anaweza kuleta hoja, akasimama na kuitetea. Hoja ikipita, haijawa kanuni bado: lazima ipite tena mwaka unaofuata, katika mji mwingine, mbele ya wanachama ambao wengi wao hawakuwepo mara ya kwanza. Hasira za mwaka mmoja zinapewa miezi kumi na miwili ya kupoa. Ni utaratibu wa polepole, unachosha, na nimewasikia watu wakiulalamikia. Mimi nauona kuwa hekima.

Kisha kuna Tuzo za Hugo, zilizopewa jina la Gernsback. Zilitolewa kwanza Philadelphia mwaka 1953, na riwaya iliyoshinda ilikuwa The Demolished Man ya Alfred Bester. Hakuna jopo la majaji. Wanachama wanapendekeza, na sita wanaofuzu katika kila kundi la tuzo wanapigiwa kura ya mwisho kwa kuwapanga: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mpiga kura anaruhusiwa kumweka "Hakuna Anayestahili" popote katika orodha yake, hata nafasi ya kwanza.

Mwaka 2015, huko Spokane, kipengele hicho kilifanya kazi ambayo wengi hawakuitegemea. Makundi mawili ya waandishi na wasomaji, waliodai kwamba tuzo zimetekwa na watu wa mlengo fulani, yalitoa orodha na kuwahimiza wafuasi wao wazipendekeze. Kwa kuwa mapendekezo ya watu wa kawaida hutawanyika, kila mtu na kitabu chake, mamia machache wanaopendekeza kitu kimoja wanaweza kujaza kundi zima. Wakajaza. Wanachama 5,950 wakapiga kura, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa, na katika makundi matano "Hakuna Anayestahili" akashinda. Usiku huohuo riwaya bora ikawa The Three-Body Problem ya Liu Cixin wa China, iliyofasiriwa na Ken Liu, riwaya ya kwanza ya tafsiri kupata tuzo hiyo.

Kilichonigusa zaidi ni walichofanya baadaye. Hawakumfukuza mtu mlangoni, somo la 1939 lilikuwa limeingia. Walikaa kwenye hesabu. Kanuni mpya inasema hivi: kila anayependekeza ana alama moja katika kila kundi, nayo inagawanywa sawasawa kwa kazi zote alizozitaja. Kila raundi, kazi mbili zenye alama ndogo kuliko zote zinalinganishwa, na ile iliyotajwa na watu wachache zaidi inaondolewa. Alama iliyokuwa kwake inarudi kwa kazi nyingine za mpendekezaji yuleyule zilizobaki. Inaendelea hivyo hadi zibaki sita. Ukitaja vitabu vitano unavyovipenda kweli, na vinne vikaanguka, cha tano kinapata nguvu yako yote. Lakini kikundi cha watu kinachotaja vitano vilevile kinajikuta alama zake zimegawanyika kati ya vitu vinavyopigana vyenyewe kwa vyenyewe. Hakuna aliyeulizwa siasa yake. Kanuni ilipita 2015, ikathibitishwa 2016, ikaanza kazi 2017. Na katika miaka hiyohiyo ya fujo, N. K. Jemisin akawa mwandishi wa kwanza mweusi kushinda tuzo ya riwaya bora, akaishinda mara tatu mfululizo: 2016, 2017 na 2018.

Neno "dunia" katika jina lake limechukua muda mrefu kupata maana. Mkutano ulivuka mpaka wa Marekani mwaka 1948 kwenda Toronto, ukavuka bahari mwaka 1957 kwenda London, ukaingia Heidelberg 1970, Melbourne 1975, Yokohama 2007. Mwaka 2021, wanachama waliopiga kura katika mkutano wa Washington waliupa mji wa Chengdu, China, uenyeji wa 2023, kwa kura 2,006 dhidi ya 807 za Winnipeg. Jumba zima la makumbusho ya hadithi za kisayansi likajengwa. Wasomaji wa China, ambao wana majarida na klabu zao za miaka mingi, walistahili kabisa siku ile.

Ndipo Januari 2024 takwimu za tuzo zikatoka. Kazi kadhaa zilizokuwa na mapendekezo ya kutosha zilikuwa zimeandikwa "haina sifa" bila neno la maelezo. Mojawapo ilikuwa Babel ya R. F. Kuang, riwaya iliyokuwa imeshinda tuzo ya Nebula. Baadaye barua pepe zilizovuja zilionyesha kwamba baadhi ya wasimamizi wa tuzo, watu wa Magharibi, walikuwa wamekusanya taarifa za kisiasa kuhusu waandishi waliopendekezwa. Hili lilikuwa jeraha baya kuliko la 2015, kwa sababu safari hii hakikuwa kikundi kilichoingia kutoka nje, walikuwa wale waliokabidhiwa sanduku la kura. Na hapa udhaifu wa kutokuwa na mwenyewe ulionekana wazi: kura zimo mikononi mwa kamati ya mwaka ule, hakuna ofisi ya juu ya kukatia rufaa, na walioumizwa hawakuwa na mlango wa kubisha.

Dawa ilitoka kwa waliofuata. Kamati ya Glasgow ya 2024 iliweka maamuzi yake hadharani mapema. Ilipogundua kura 377 zilizotia shaka, nyingi zikionekana kulipiwa ili kumbeba mshindani mmoja, ilizifuta na kulitangaza jambo hilo kabla ya tuzo kutolewa, ikaeleza sababu, na ikasema wazi kwamba haikuwa na ushahidi kuwa mshindani huyo alijua. Ndivyo imani inavyorudi, ikiwa itarudi.

Sasa kwetu. Mkutano huu haujawahi kufanyika barani Afrika. Kazi zetu zimeshafika huko kwa njia nyingine. Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alishinda Hugo mwaka 2016 kwa Binti. Filamu fupi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, Pumzi, ya mwaka 2009, inatajwa kila yanapozungumzwa mawazo ya Kiafrika kuhusu kesho. Na nyumbani tuna Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambamo mtu aliyehukumiwa kifo anafungiwa ndani ya chombo cha anga na kujikuta katika nchi yenye haki. Wanafunzi wengi wanaisoma kama riwaya ya siasa peke yake. Ni ya siasa, lakini isomeni tena mkitazama chombo kile kinavyoelezwa.

Kigali imejitokeza kuomba uenyeji wa mwaka 2028, na Brisbane ya Australia nayo inautaka. Kura ya kuamua ni ya mkutano wa Anaheim, California, Agosti 2026. Ningependa Kigali ishinde, na nasema hivyo bila kuzunguka. Waandishi wa Afrika wamekuwa wakisimama kwenye foleni za viza wakiwa na mwaliko mkononi, na wengine wameishia kuona viti vyao vikibaki wazi. Kufika Kigali kutoka Mwanza au Kampala ni safari ya basi.

Lakini moyo hautoshi kushinda kura hii, maana wapigaji ni wanachama waliolipa. Kwa mkutano wa Seattle wa 2025, uanachama wa kura pekee ulikuwa dola 50, na anayepigia kura mji mwenyeji hutoa ada nyingine juu yake. Kwa mwanafunzi wa hapa hiyo ni fedha nyingi. Klabu ya watu kumi inaweza kuchanga na kumlipia mmoja, akasoma, akapendekeza na kupiga kura kwa niaba ya mapenzi ya wote, huku kura ikibaki yake. Msichange mkampa orodha. Mmeshasikia orodha zilifanya nini.

Na kuna vipengele viwili vya katiba ya mkutano vinavyoweza kuwafaa waandishi wa Kiswahili. Cha kwanza, Hugo haikuwekewa sharti la Kiingereza: hadithi iliyochapishwa Dodoma au Mombasa kwa Kiswahili inaweza kupendekezwa mwaka unaofuata, na ikifasiriwa, inapata nafasi nyingine mwaka inapotoka kwa Kiingereza mara ya kwanza. Cha pili, kamati ya kila mwaka ina haki ya kuongeza tuzo moja maalumu ya mwaka wake. Seattle iliitumia haki hiyo kwa ajili ya shairi bora. Watu wa nchi ambako tenzi za safari za ajabu zilihifadhiwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya Gernsback wangekuwa na la kusema katika kundi hilo, na fomu ya kupendekeza hujazwa na mwanachama yeyote, popote alipo.